Picha ya Laasiri: Uchambuzi wa Kisa cha Harusi Moja Mombasa

Kisa hiki kinahusu picha moja. Ilipigwa Jumapili moja ya Aprili 2025 katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, siku ya tatu ya harusi, na kabla ya wiki kwisha walikuwapo watu wanne ambao kila mmoja alijiona ndiye mwenye kauli juu yake: kaka wa bibi harusi aliyelipia kazi, mama yao, binamu aliyeonekana kwa nyuma, na mpigapicha mwenyewe. Mpigapicha huyo, mwanamke mwenye studio ndogo upande wa Mwembe Tayari, ameridhia kisa kiandikwe kwa sharti kwamba majina yasitajwe na picha isionyeshwe, kwa hiyo msomaji atavumilia kusimuliwa picha badala ya kuiona.

Ni vyema kwanza ieleweke kwa nini kazi ilikuwa imebanana kiasi kile. Waislamu wa pwani kwa kawaida hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani, na shughuli zote zilizongoja huangukia mfunguo mosi, mwezi unaofuata, mara tu Idi inapopita. Mwaka 2025 Idi ilisherehekewa mwishoni mwa Machi, na hivyo mfunguo mosi karibu wote ukawa ndani ya Aprili. Wapigapicha wa nchi za baridi huingoja miezi hiyo kwa hamu, kwa kuwa ndipo maua yao yanapochanua na watu kutoka nje baada ya kujifungia ndani. Kwetu ndiyo miezi ambayo kaskazi imekwisha, kusi inaanza kushika, na mawingu ya masika yanapanda kutoka baharini bila kutoa taarifa. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, kukutana huku kwa harusi na masika si kwa kudumu, lakini kwa miaka kadhaa sasa mambo yamekuwa hivyo, na fundi anayepanga ratiba ya picha za nje katika msimu huu hupanga huku akitazama juu.

Jua lenyewe nalo lina usumbufu wake. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini karibu na tarehe 10 Machi, likarudi tena kupita hapo mwanzoni mwa Oktoba. Aprili bado halijaenda mbali. Saa sita mchana kivuli cha paji la uso hufunika macho, pua hutupa kivuli juu ya mdomo, na bibi harusi aliyekaa saa nyingi kwa mpambaji huonekana kana kwamba hakulala. Kwa sababu hiyo picha za maharusi hupangwa baada ya saa kumi na moja, jua linapolala upande wa bara na kuta za Fort Jesus zinapogeuka rangi ya asali, na ni lazima ziishe kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu huku kwetu jua likishazama giza halikawii. Muda wa maana hauzidi saa moja na kitu. Mvua ikiuchukua muda huo, imechukua siku.

Aliyeagiza kazi alikuwa kaka mkubwa wa bibi harusi, anayefanya kazi Doha, na makubaliano yote yalipitia WhatsApp. Ujumbe wake ulikuwa wa heshima na wa wazi kwa kadiri alivyoona yeye: Ijumaa nikaha baada ya sala, Jumamosi usiku kupamba kwa kina mama, Jumapili walima na picha za nje za maharusi. Nusu ya malipo ilitumwa kwa M-Pesa kama arbuni, na salio lingelipwa siku ya kukabidhi albamu. Baadaye mama alituma ujumbe wa sauti wenye sharti moja, kwamba picha za Jumamosi zisitoke kabisa nje ya mikono ya wanawake wa nyumba. Hapakuwa na neno lolote kuhusu nani atapokea picha za mfano, nani atakuwa na haki ya faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, wala kama studio ingeweza kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi wa kazi hii tunaipenda methali hiyo kwa mambo ya fedha tu.

Ijumaa haina mengi. Nikaha ilifungwa msikitini na kupigwa picha na msaidizi wa kiume wa mpigapicha, kijana anayejua kazi. Kikwazo pekee kilikuwa kile cha siku zote: safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe katika mwanga mkali huidanganya kamera, ambayo hudhani mandhari yote yameng'aa kupita kiasi, ikaupunguza mwanga, na nyuso zikatoka nyeusi tii. Kijana alipima mwanga usoni, akaziacha kanzu zijitetee zenyewe.

Jumamosi inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndiyo siku ambayo kila mtu aliogopa ingeleta matatizo, na haikuleta. Ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu, kuanzia aliyepokea wageni hadi aliyecheza muziki. Wageni waliingia na mabuibui, wakayavua ndani ya mlango, na simu zikakusanywa hapo hapo na kutiwa ndani ya bahasha zilizoandikwa majina. Aliyekataa kutoa simu aliombwa kwa adabu akae na kina mama waliokuwa mlangoni, na nasikia walikuwapo waliokubali kukaa. Mpigapicha aliingia na kadi mbili za kumbukumbu alizozipaka rangi nyekundu ya kucha, ambazo hazitumiki kwa kazi nyingine yoyote ya juma hilo. Kamera yake ina nafasi mbili za kadi na huandika picha ile ile kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, hivyo moja ikiharibika nyingine imebaki, na hakuna haja ya kupeleka chochote mtandaoni kwa hofu ya kupoteza.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Jukwaa lilipambwa kwa taa za zambarau, rangi ambayo wapambaji wa kumbi zetu wameipenda kwa sababu nisizozielewa, na ngozi ya bibi harusi ikawa kama ya mtu aliyepigwa na baridi. Taa za namna hiyo za bei nafuu pia humemeta. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa hupepesa mara 100, ingawa jicho halioni; kasi ya kamera isipopatana na mpepeso huo, picha hutoka na mistari ya giza iliyokata kitambaa cha jukwaa. Aliweka kasi ya 1/100 ya sekunde, akaelekeza flashi kwenye dari jeupe badala ya usoni, ili dhahabu ya shingoni isirudishe mng'ao na hina ya mikononi isipotee. Bibi harusi alipotolewa, akapandishwa jukwaani macho chini, vigelegele vikapanda, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kusubiri tu. Picha hizo zilihaririwa na binti anayefanya kazi naye, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Mpaka leo hakuna hata moja iliyosikika kuonekana mahali pasipostahili.

Jumapili mvua ilianza wakati wageni wa walima wanakula biriani. Mpango ulikuwa kwenda bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, mahali panapoendewa na kila mtu, ambapo bibi harusi angekuwa amejistiri kama anavyojistiri barabarani. Saa tisa ikawa dhahiri kwamba hakuna Mama Ngina. Kulikuwa na njia chache za kuokoa siku. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kupiga picha za kibiashara ndani yake kunahitaji kibali cha mapema. Kumbi za hoteli zina gharama na macho ya watu. Studio ya Mwembe Tayari ilikuwepo, lakini bibi harusi alikataa katakata kupigwa mbele ya pazia. Ni yeye aliyetaja nyumba ya nyanya yake.

Walifika kwa tuktuk, vifaa vikiwa vimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki, kupitia vichochoro vinavyotokea Ndia Kuu. Hapo mpigapicha alipata mwanga ambao hakuutafuta. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, madirisha si makubwa, na katikati upo uwazi unaoingiza hewa na mwanga kutoka juu. Siku ya jua kali, uwazi huo hutupa bamba la mwanga mweupe sakafuni na kuacha pembe zote gizani. Siku ya mawingu, mbingu nzima hugeuka kuwa taa moja kubwa iliyofunikwa kitambaa, mwanga hushuka taratibu, hugonga ukuta wa chokaa, ukarudi usoni kutoka upande wa pili. Alimketisha bibi harusi hatua mbili ndani ya mlango unaotazama uwazi, ubavu ukielekea mwangani, akamwomba shangazi mmoja ashike leso nyeupe chini ya kidevu chake, nje ya picha, ili kijivuli cha shingo kilainike. Lenzi ya milimita 85, tundu wazi la f/2, kasi ya 1/160, hakuna flashi. Picha za maharusi wawili alizopiga hapo, bwana harusi akiwa amesimama nyuma ya kiti, ni bora kuliko chochote ambacho Mama Ngina ingempa siku ile, na nasema hivyo nikijua ni wangapi wanaoipenda bahari nyuma ya picha zao.

Kisha ikaadhiniwa laasiri. Bwana harusi, kaka na wanaume wengine waliokuwa barazani waliondoka kwenda msikitini. Nyumba ikabaki na wanawake, na kama ilivyo katika nyumba yoyote, mambo yalilegea mara moja: ushungi ukarudi mabegani, mabuibui yakatundikwa, mtu akaleta kahawa. Nyanya, aliyekuwa amekaa kimya muda wote wanaume walipokuwapo, alimvuta mjukuu wake karibu ili amfunge upya kikuba cha asumini kilichokuwa kikining'inia kwenye nywele, akamnong'oneza jambo. Bibi harusi alicheka kwa kichwa chote kurudi nyuma. Hiyo ndiyo picha. Mikono ya nyanya bado iko kwenye nywele, mishipa yake imejitokeza karibu na hina mpya ya mjukuu, meno ya bibi harusi yote yanaonekana, na mlangoni, mwenye ukungu kidogo kwa kuwa lenzi haikumlenga yeye lakini anatambulika bila shaka yoyote, amesimama binamu na sinia ya vikombe, kichwa wazi, akitabasamu kwa jambo asilolisikia.

Jumatatu usiku mpigapicha alimtumia kaka picha za mfano. Alichagua za Ijumaa na za Jumapili, akaziacha zote za Jumamosi kama alivyoagizwa, na miongoni mwa za Jumapili akaitia hii, kwa sababu ndiyo iliyomfurahisha kuliko zote. Kaka aliipenda vilevile. Aliiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na maneno ya kumwombea dada yake heri. Asubuhi wanaume wa Doha, na wa Kizingo na Majengo hapa Mombasa, walikuwa wameiona, na mmoja wao alikuwa mume wa binamu.

Madai yalikuja kwa zamu. Binamu alimpigia mama, mama akampigia mpigapicha na kutaka picha zote za Jumapili zifutwe. Kaka, alipoambiwa kwamba hatapewa faili nyingine mpaka jambo litengenezwe, alikasirika na kudai kazi yote, pamoja na ya Jumamosi, kwa kuwa fedha ni zake. Mpigapicha kwa upande wake alikuwa ameshaipa picha ile nafasi katika dirisha la studio, na hakuwa tayari kukubali kwamba kazi bora aliyoifanya mwaka huo ingeishia kufutwa kwa amri ya simu.

Kisheria, kaka alikuwa na hoja kubwa kuliko wengi wetu katika kazi hii wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pale wahusika walipokubaliana vingine. Wapigapicha wengi wa Mombasa wamesoma mitandaoni sheria za nchi nyingine, ambako mpigapicha hubaki na hakimiliki yake mpaka aiuze, na wanazirudia kwa wateja kana kwamba ni zetu. Mpigapicha wa kisa hiki hakuwa na makubaliano mengine. Alichobakiwa nacho kwa sheria ni haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeipiga na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe, na hizo hazimpi dirisha la studio.

Hata hivyo, hakimiliki haimalizi habari ya uso wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi, na anayeishughulikia kwa kutegemea ridhaa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa hiyo ilitolewa kwa hiari, wazi, na kwa kusudi mahususi. Ridhaa ikishatolewa bado mwenyewe anaweza kuiondoa. Sheria hiyo haigusi matumizi ya nyumbani tu, kwa hiyo kuna nafasi ya kubishana juu ya stetasi ya kaka. Juu ya studio inayofanya biashara hakuna nafasi hiyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuombwa. Binamu hakuwa amekubali chochote. Alikuwa anapitisha kahawa.

Lakini sidhani kama sheria ndiyo iliyovunjika kwanza. Ukiutazama ujumbe wa kaka na sauti ya mama kwa pamoja, utaona kwamba faragha ilikuwa imefungwa kwenye siku: Jumamosi ni ya ndani, Ijumaa na Jumapili ni za nje. Mpango ule ulikuwa sahihi kwa kadiri Jumapili ilivyobaki kuwa Mama Ngina, mahali ambapo kila mwanamke angekuja amevaa kwa ajili ya macho ya watu. Mvua ilipowahamishia nyumbani, na hasa wanaume walipotoka kwenda kusali, Jumapili iligeuka kuwa Jumamosi nyingine, isiyokuwa na bahasha mlangoni wala kadi nyekundu. Wanawake wote waliokuwamo walilijua hilo kwa mwili, bila kuambiana. Ndiyo maana walivua mabuibui. Ratiba peke yake ndiyo iliyoendelea kuiita siku ile siku ya picha za nje, na mpigapicha alipozigawa faili zake Jumatatu, alizigawa kwa kufuata ratiba. Sijui mpigapicha yeyote wa hapa ambaye angezigawa vingine, maana sote tunapanga mafolda kwa tarehe.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa nyanya, ambaye alisema kuwa jambo lililotokea ndani ya nyumba yake lisemewe ndani ya nyumba yake. Kaka alianza kwa upole.

“Dada, mimi ndiye niliyekutumia fedha. Nipe kazi yote, la kufanya nayo nitalijua mwenyewe.”

“Kaka, za Ijumaa ni zako, na za nyinyi na maharusi ni zako,” alijibu mpigapicha. “Hizi nyingine, hata mimi ninayeziangalia si kwa sababu ni mpigapicha. Ni kwa sababu ni mwanamke.”

Nilivyosimuliwa, jibu hilo lilimnyamazisha kaka zaidi kuliko kifungu chochote cha sheria ambacho mtu angemsomea. Binamu alisema machache na kwa haki: hakuja kupigwa picha, hakuulizwa, na mumewe asingepaswa kumwona hivyo kwenye simu ya mtu mwingine. Ndipo likazungumzwa pendekezo la kumfuta. Programu za kuhariri za siku hizi humwondoa mtu mlangoni kwa kugusa mara moja na kujaza nafasi yake na ukuta ambao haukuwapo. Mpigapicha alikuwa na picha nyingine ya sekunde chache kabla, ambayo binamu hajafika mlangoni, ila ndani yake kicheko bado hakijaanza. Alionyesha zote kwenye kompyuta, bila kushawishi, na mimi naona alifanya vema kutosema ipi anaipenda.

Mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemhesabu alikuwa nyanya. Uso wake umo katikati ya picha, nyumba ni yake, na hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyemwuliza. “Mwanangu,” alimwambia mpigapicha, “mimi sina picha nikicheka tangu babu yao alipofariki. Isafisheni mnitilie kwenye albamu. Na huyu msimtoe, kahawa ile ilikuwa yangu.” Binamu alicheka, na baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi, ingawa mama aliendelea kushikilia kwamba isibaki kwenye simu ya mtu yeyote.

Walichokubaliana kiliandikwa kwenye karatasi mbili na kutiwa saini. Picha ya laasiri, pamoja na nyingine zote zilizopigwa baada ya adhana mpaka wanaume waliporudi, ziliungwa na za Jumamosi: zinasafishwa karatasini tu, zinaingia katika albamu ya ndani inayokaa kwa mama, na nakala moja kubwa inakwenda kwa nyanya. Faili zake ziko kwenye diski moja iliyokabidhiwa mama, na studio haikubakiwa na nakala. Kaka alipewa faili za Ijumaa, na za Jumapili zile za maharusi wawili na za walima, na hakimiliki yake juu ya faili hizo haikuguswa. Bibi harusi aliiruhusu studio itumie picha moja ya mikono, ya nyanya na yake, iliyokatwa chini ya mabega, na akaandika mwenyewe kwamba ni kwa dirisha la studio tu, si kwa mitandao. Mpigapicha hakufurahi. Picha ya mikono ni nzuri, lakini kila fundi anajua tofauti ya picha nzuri na ile aliyoikosa.

Tangu hapo mkataba wa studio umebadilika katika mambo yanayohusiana na kisa hiki, na ninautaja kwa sababu wenzetu wengine wameuomba. Hausemi tena siku. Unasema mahali palipo na wanawake waliovua ushungi, popote pawe na siku yoyote iwe, picha zake ni za ndani, na mpigapicha akiona hali imebadilika katikati ya kazi anabadilisha kadi hapo hapo. Picha za mfano humwendea bibi harusi kwanza, hata kama aliyelipa ni mwingine, na aliyelipa hutia saini kwamba amelielewa hilo kabla ya kutoa arbuni. Kipo kifungu kinachoiachia studio matumizi ya picha chache zilizotajwa kwa namba baada ya kuchaguliwa na bibi harusi, ili kifungu cha 31 kisiwe mtego wa kushtukiza. Wateja wawili watatu walinung'unika kwamba karatasi imekuwa ndefu kama ya benki, na yupo aliyekwenda kwingine. Kwa maoni yangu bado kuna pengo: mkataba unawafunga walioagiza, na mgeni anayepita na sinia hatii saini ya kitu chochote. Kwa huyo hakuna njia ila kumwuliza, siku ile ile, kabla picha haijatoka ndani ya kamera.

Kuhusu stetasi, kaka alikuwa ameifuta mara tu alipopigiwa simu na mama, lakini ilikuwa imekaa usiku mzima. WhatsApp humwonyesha mwenye stetasi majina ya wengi wa walioitazama maadamu hajaifuta, na kikao kilimwachia yeye kazi ya kuwapigia wote aliokuwa amewaona hapo mmoja mmoja, kuwaeleza, na kumwomba yeyote aliyeihifadhi aifute. Alianza jioni ile ile, akiwa barazani kwa nyanya. Wengi walimwelewa na baadhi waliona haya kuliko yeye. Walikuwapo pia ambao hawakupokea simu, na hao aliwaandikia.